Hodi ya Pua

Nimekuja kwa kifua, yeye ananiuliza pua.
Daktari Mghoi, binti wa Kitaita,
kalamu kaichomeka kwenye nywele.
"Mama, pua imeanza lini?"
Nikacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi.
Pua nalizaliwa nayo, nikamwambia,
na mafua ni pacha wangu.
Kibokoni nzima wanijua kwa chafya:
nikipita uchochoroni muuza kahawa hunihesabia,
saba, nane, Yarhamukillah, kumi,
na paka wa barazani huondoka wenyewe.

Mimi nililokuja nalo ni jingine:
ule mluzi wa saa tisa za usiku,
kifua kama birika lililosahauliwa jikoni,
nami nimekaa kitako, nimekumbatia magoti,
navuta pumzi ya kukopa.
Hilo ndilo niandikie. Pua niachie.

Hakuniachia.
Akageuza bahasha ya dawa, akachora nyumba:
daka, ukumbi, ndani.
"Pua ndiyo daka," akasema.
"Mapafu ni chumba cha ndani kabisa.
Njia ni moja, na ukuta ni ule ule mmoja.
Daka likishika moto, wewe uliye ndani utalala?"
Na aliyeziba pua hupumulia mdomo,
vumbi likapita halijachujwa, halijaulizwa jina.

Kisha: "Mwalalia godoro la nini?"
La sufi.
"La tangu lini?"
La arusi yangu.
Kalamu ikasimama.

Baba yangu, Khatwabu wa Kuze, alishona magodoro.
Sufi aliipiga kwa ufito hata ikapanda juu
ukadhani wingu limekosea mlango,
naye katikati, mweupe nyusi, mweupe kope,
akipenga kwa ncha ya kikoi.
"Vumbi la riziki," akisema, "halidhuru."
Miaka ya mwanzo ilikuwa chafya tu.
Baadaye akawa hapandi ngazi bila kusimama,
akijifanya kuna kitu amesahau chini.
Tukasema uzee.
Alikuwa na miaka arubaini na sita.

Hakuna aliyemuuliza pua.

Nimerudi na dawa mbili.
Ya buluu ni ya kukimbilia, kifua kikibana.
Ya pua ni ya kila siku, hata siku ya uzima.
Inamisha kichwa, usikiinue kama mtafuta mwezi.
Puliza kwa upande, usivute kama mnusa ugoro.
Siku ya tatu, hamna kitu.
Ya tisa, hamna. Nikamsuta yule binti kimoyomoyo.
Ya kumi na mbili, alfajiri, nikasikia harufu.

Kwanza iliki, kwa jirani.
Kisha kuvu ya ukutani, iliyoachwa na mvua za masika;
kumbe miaka yote ilikuwapo.
Kisha, kwa kuwa nimelala ubavu, godoro:
sufi kuukuu, jasho letu,
na chini kabisa, chini ya kila kitu,
mafuta ya nazi aliyopaka sindano isikwame.
Baba.
Miaka ishirini namlalia
wala sijapata kumnusa.

Jumamosi mwenye mkokoteni atakuja.
Ngazi zetu nyembamba, itabidi kulikunja,
na likikunjwa litatoa pumzi, najua,
nami nimeambiwa nisiwe karibu.
Nitakuwa karibu.
Nitafunga leso puani, na juu ya kifundo cha leso
nitaacha nafasi ndogo.

Chumba cha pili mwanangu Feswali apiga chafya.
Moja.
Mbili, tatu.
Jana ningehesabu nikicheka.
Nne.
Naitikia hodi,
napapasa gizani natafuta kanga.